Chupa Alizozinusa Babu

"Babu, mbona unanusa chupa za watu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la kwanza, nimekaa juu ya kreti tupu nyuma ya kaunta ya duka la dawa alikofanyia kazi maisha yake yote. Alikuwa ameshika chupa ya mteja, ameigandisha puani kama mtu anayesikiliza simu. Hakunijibu. Aliwaambia tu watu waliokuwa kwenye foleni kwamba chupa nayo ina mdomo, na huwezi kujua mdomo huo umebusu nini usiku. Watu wakacheka, nami nikacheka nao ingawa sikuelewa, na swali langu likapotelea hapo.

Lazima nieleze kidogo kuhusu zile chupa. Zamani, dawa za maji hazikuja zimefungwa kiwandani na kuwekwa kwenye boksi la rangirangi. Zilichanganywa palepale dukani, na mteja alikuja na chupa yake mwenyewe. Asiye na chupa alirudi nyumbani kuitafuta. Maduka mengine yaliuacha mtindo huo kitambo, lakini letu liliendelea na dawa moja tu, ile nyeusi ya kikohozi, kwa sababu watu wa mtaani hawakutaka nyingine. Basi juu ya kaunta zilipanda chupa za kila namna: za soda, za mafuta ya nywele, za manukato, na za pombe ambazo wenyewe waliapa kwamba wameziokota njiani.

Babu hakuwa mfamasia. Aliingia pale akiwa kijana wa kuosha vyombo, na mwenye duka wa wakati huo, ambaye babu alimwita Mwalimu hadi siku ya kumzika, akamfundisha kazi kidogokidogo. Alimfundisha kusaga unga kwenye kinu cha kaure, kupima kwa mizani iliyofungiwa ndani ya kabati la kioo isipeperushwe na upepo, na kuviringisha vidonge kwa mkono juu ya ubao wenye mifereji. Vyombo hivyo vyote bado vilikuwepo kwenye rafu ya juu, na mimi nilikuwa nikivitolea macho kila nilipopita pale nikitoka shule. Nilichokipenda zaidi ni chupa za buluu zenye mbavu ubavuni. Babu alinieleza kwamba hizo zilikuwa za sumu. Zilitengenezwa na mbavu makusudi ili mtu akizishika bila kuangalia, mkono wenyewe umwambie aziache.

"Sasa chupa ya mteja haina mbavu," alisema. "Hiyo lazima uiulize wewe."

Na alikuwa na namna yake ya kuiuliza. Kwanza aliifumbata chupa kwa viganja vyote viwili mpaka ipate joto, kwa sababu alisema harufu hulala chupa ikiwa baridi, ukiipasha inaamka. Halafu aliinusa kwa tundu moja la pua, akapumzika, akainusa kwa tundu la pili. Ndipo alipotikisa kichwa kukubali na kumimina, au akairudisha bila maneno mengi. Aliwahi kuirudisha chupa ya mama mmoja aliyeapa kwamba haijawahi kutiwa kitu ila maji. Yule mama alikwenda nyumbani amenuna, akarudi amepoa, maana mumewe alikuwa ameitilia mafuta ya taa. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita babu Mzee Pua, na yeye akaitikia.

Mwaka jana babu aliugua homa mbaya. Alilala ndani muda mrefu, akapona, akarudi kazini amekonda, koti jeupe likimning'inia. Sote tulishukuru, tukadhani yameisha.

Aliyegundua ni bibi. Asubuhi ya pili yake aliacha maziwa jikoni akatoka kuanika nguo. Aliporudi, moshi umejaa, sufuria imekuwa mkaa, na babu amekaa karibu na mlango anasoma gazeti kwa utulivu kabisa. Bibi hakugomba. Alizima jiko, akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akamwambia babu afumbe macho. Mimi nilikuwa nafunga viatu vya shule, nikaacha.

"Hiki ni nini, mzee?"

Babu alivuta pumzi, akavuta tena. "Kitunguu," alisema.

Alipofumbua macho na kukiona kile kitambaa, alikitazama muda mrefu. Bibi akakaa chini pembeni yake. Walizungumza kwa sauti ya chini, lakini nyumba yetu haina sauti ya chini. Bibi alitaka amwambie mfamasia siku hiyohiyo. Mfamasia ni binti wa yule Mwalimu, naye ndiye mwenye duka sasa. Babu alitaka asubiri. Alisema daktari amemwambia pua huweza kurudi, na kwamba akisema leo, leo hiyohiyo atavua koti, maana mchanganyaji asiye na pua ni kama dereva asiye na macho.

"Mikono ninayo, akili ninayo," alisema. "Pua tu ndiyo imestaafu kabla yangu."

Bibi hakucheka. Alimuuliza: ikija chupa chafu inayong'aa, itakuwaje? Babu akajibu kwamba tangu arudi hajamimina kwenye chupa ya mtu yeyote, na hatamimina mpaka pua irudi. Bibi akasema sawa, lakini akishindwa kuitunza ahadi hiyo, atakwenda dukani mwenyewe, na atakwenda na kile kitambaa.

Hapo ndipo zilipoanza siku za ajabu. Babu alikataa kila chupa. Hii ina ufa, hii shingo nyembamba, hii rangi yake itaharibu dawa. Aliwapa watu dawa kwenye vichupa vipya vichache vilivyokuwa stoo, na wengine akawashauri wanunue ya boksi. Wateja walinung'unika. Mama mmoja muuza nguo alimwekea chupa yake mbele ya uso akamwuliza kama shingo ya chupa nayo hunenepa na kukonda, maana amekuwa akijaziwa hiyohiyo tangu kifungua mimba wake, na sasa kifungua mimba ana ndevu. Mwingine akasema Mzee Pua siku hizi amekuwa Mzee Pozi. Babu alitabasamu tu. Mfamasia alimtazama kwa jicho la wasiwasi. Baadaye alituambia kwamba alidhani amemuudhi na hakujua vipi.

Kisha vichupa vya stoo vikaisha, na jioni hiyohiyo akaja fundi baiskeli. Nilikuwa nimepitia pale kumchukua babu turudi nyumbani. Mtoto wa yule fundi alikuwa na kikohozi kilichomnyima usingizi, na mkononi alikuwa na fedha za dawa ya kuchanganya, si za ile ya boksi. Aliweka chupa kwenye kaunta. Ilikuwa chupa nzuri kwelikweli, imeoshwa, inang'aa kama kioo cha saa, haina ufa, shingo yake pana. Babu aliigeuzageuza akitafuta kasoro, hakuipata. Fundi akamwambia, mzee, nisaidie, mtoto yuko na mama yake peke yao.

Mfamasia alikuwa amesimama karibu na rafu, anatazama. Foleni yote ilikuwa inatazama. Babu aliifumbata ile chupa kwa viganja vyake, akaipasha. Akaipeleka kwenye tundu moja la pua, akapumzika, akaipeleka kwenye la pili. Watu walikuwa wanasubiri kichwa chake tu kitikisike. Kingetikisika, dawa ingemiminwa, na hakuna mtu dukani, ila mimi, ambaye angejua.

Aliiweka chupa chini.

"Binti, njoo uinuse wewe," alisema. "Mimi sisikii kitu tangu nilipougua."

Mfamasia aliacha rafu. Alikuja, akainusa. Babu akamwambia aipashe kwanza, akaipasha. Akamwambia tundu la pili, akafanya hivyo. Mwishowe binti alisema ni safi, haina harufu yoyote, akaijaza kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi aliipokea chupa, lakini hakuondoka. "Mzee," alisema polepole, "kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unatujazia hivihivi?"

"Sijajaza chupa ya mtu tangu nirudi," babu alimjibu. "Ndiyo maana mmekuwa mnanitukana."

Yule mama muuza nguo alikuwepo. Aliinamisha kichwa, akasema pole, baba. Wengine wakaitikia pole, mmoja mmoja, kama watu walio msibani.

Tangu siku ile duka halikuchanganya tena ile dawa nyeusi. Mfamasia alimwomba babu abaki, akae tu kaunta, awasalimie watu, alipwe kama kawaida. Babu alikataa. Alisema mtu akimwona amekaa pale ataamini chupa imenuswa. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliacha kwenye kiti.

Sasa anakaa nyumbani, na mikono yake haijui ifanye nini. Inapangua na kupanga vikombe. Mimi niko kidato cha tatu, na nasoma kemia, kwa hiyo nina maswali mengi kuliko zamani. Jumapili moja tulikuwa wawili kwenye kibaraza, bibi amekwenda kumtazama mgonjwa, nikamwambia lipo swali moja hajawahi kunijibu. Nikamwuliza tena, kwa maneno yaleyale.

Alikiweka chini kikombe alichokuwa amekishika. Halafu akasema:

"Wanaokumbuka kosa langu la zamani hudhani kuna chupa moja ambayo sikuinusa. Hapana, mjukuu wangu. Niliinusa. Nilikuwa kijana, Mwalimu ametoka, foleni imefika barabarani. Nikasikia kitu kwa mbali sana, kama dawa ya kuulia kupe. Chupa inang'aa, mama wa watu anaapa ameiosha, watu wanapiga kelele. Nikajiambia pua yangu inanidanganya. Nikamimina. Mtoto wake hakufika asubuhi. Mwalimu alinipeleka msibani kwa mkono wake, nikasema mbele ya baba wa mtoto yale ninayokuambia wewe. Basi tangu hapo sikuwa nanusa ili nijue tu kama chupa ni safi. Nilikuwa nanyamaza kidogo, pua yangu ipate nafasi ya kusema, na mimi niisikilize."