Mchele Wenye Sura ya Tusajigwe

Damaris wa Ngonga hakuwa mwanamke wa kukurupuka. Hata akinunua ufagio, alizunguka soko zima la Kyela mpaka wauzaji wakamchoka. Sasa fikiria mtu huyo anatafuta lebo ya mchele wake.

Kwa mpiga chapa kule Mbeya tulikwenda pamoja, kwa kuwa mimi jirani yake ndiye niliyekuwa namshonea midomo ya mifuko. Tulionyeshwa stika, tukaonyeshwa vikadi vya kushonea mdomoni, mwisho mifuko iliyochapwa moja kwa moja. Stika alizikataa palepale. Alisema mvua za Kyela hazina adabu, stika ikipata unyevu inajikunja pembeni na mteja anadhani mchele ni wa mwaka juzi. Vikadi navyo vinachanika. Akachagua mifuko ya kuchapwa, tena mingi, ya misimu kadhaa. Mbele iliwekwa picha ya bintiye, Tusajigwe, akicheka na ungo mikononi. Nilimtania kwamba mahari sasa itapanda, tukacheka njia nzima ya kurudi.

Mavuno hayajaisha, Tusajigwe akaugua homa, akafa. Sina namna nzuri ya kulisema hilo na wala siitafuti. Nilimkasirikia Mungu, na bado hatujapatana.

Matanga yalipokwisha, marobota ya mifuko yalikuwa yamejaa sebuleni, kila mfuko na mtoto yuleyule anayecheka. Kuichoma hakuweza, nani achome uso wa mwanawe? Na mchele usipouzwa, nyumba ile haina kingine. Mwisho Damaris akarudi kulekule kwa mpiga chapa kuchukua stika, nyeupe, za kufunika picha. Hakuweza kubandika hata moja. Tulimbandikia sisi majirani, yeye akiwa amekaa nje, ametupa mgongo.

Mchele ukaenda madukani, na mvua zikafanya kama alivyosema. Stika zilianza kubanduka. Kwanza likatokea jicho, kisha mdomo unaocheka. Wateja hawakujua lolote. Waliupenda, wakawa wanaulizia mchele wa yule binti.

Siku hizi Damaris hauzi tena. Anapita duka kwa duka akinunua mchele wake mwenyewe, anaubeba kichwani mpaka nyumbani, anaupanga ukutani. Fukusi wameshaingia. Yeye anakula ndizi, siku nyingine hali kitu.

Jana nilimwendea kwa hasira, maana uchungu wangu hutoka hivyo. Nilimwambia kilio ni haki yake, lakini huku kukonda hakumrudishi mtu. Alete kisu, tupike mfuko mmoja tu, tule wote. Nilidhani atabisha. Alinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," kwa sauti ndogo, akaleta kisu, akaushusha mfuko na kuulaza mapajani kwake. Akaupangusa vumbi kwa upande wa khanga. Stika ilikuwa imekwishaondoka yote.

Nilisubiri. Kisu kilikuwa mkononi mwake na hakikusogea.

"Madukani nimeona wanavyofungua," aliniambia. "Hakuna anayehangaika kufumua uzi. Wote wanakatia hapa."

Akapitisha kidole kwenye paji la uso wa Tusajigwe, kutoka sikio hadi sikio.

Nilimpokonya kisu, nikakirudisha jikoni mimi mwenyewe.