Mpishi wa Matanga

Mtu akifa mtaani Majengo, wa kwanza kuitwa baada ya padri ni Kasoki. Anakuja na sufuria zake na mwiko mrefu kama mpini wa jembe, anajifungia jikoni, na watu mia wanashiba. Tena mpishi wa matanga ana ruhusa ambayo wengine hawana: haketi mkekani na wanawake, na hakuna anayemuuliza mbona halii. Kwa Kasoki ruhusa hiyo ilikuwa dawa. Dawa mbaya, lakini dawa.

Mume wake, Evariste, alifia Butembo miaka miwili iliyopita. Vita vilikuwa vimefunga barabara. Ndugu wakamzika, kisha wakampigia mjane simu. Kesho yake Kasoki alikwenda kupika kwenye kilio cha watu wengine, na huko ndiko alikoanza kula kwa kujificha. Nyimbo zikisikika uani, mkono nao unaanza: sambaza, wale dagaa wa ziwani, wali, bugali kavu, hata ukoko, anameza bila kuonja mpaka tumbo liume. Halafu inakuja aibu, na aibu nayo inataka chakula. Majirani walimwona ananenepa wakamsifu, eti mjane amepata amani! Watu wana macho, ila hawayatumii.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwenye matanga ya mzee Zihindula, Béata, jirani wa Kasoki, aliingia kuchota maji akamkuta amechuchumaa nyuma ya mlango, na sufuria ya samaki wa wageni imebaki nusu. Kasoki alitamani ardhi ipasuke.

Béata hakupiga kelele. Aliketi chini.

"Mama Kasoki, hii njala ilianzaka lini?"

"Tangu Evariste akufe. Sikumuliliaka hata siku moja."

"Basi tumufanyie matanga."

"Ni deux ans, miaka mbili sasa! Na alizikwa kule Butembo. Batu batacheka."

"Bacheke. Weye utakaa kwenye mukeka. Miye nitapika."

Siku za kungojea, Kasoki alikula vibaya kuliko zamani, kwa hofu. Lakini Jumamosi ya matanga ilipofika aliketi mkekani, akalia mpaka sauti ikakauka. Kisha wanawake wakamwomba awasimulie habari za marehemu. Akaanza kueleza jinsi Evariste, mfanyabiashara aliyepita barabara zote za Kivu bila woga, alivyokuwa akimkimbia ndama. Wakacheka, naye akacheka. Béata akaweka sahani mbele yake, bado inatoa mvuke.

"Ngojeni kwanza," Kasoki alisema, akaisukuma pembeni. "Siyamaliza bado kubaambia."