Mkalimani Haachi Maneno Njiani

Mlinzi wa mlango wa chumba cha mazungumzo ya amani alikuwa hamtaki yule mama mkalimani kabisa. Nchi yao kubwa, ina mabomu ya kumwaga, halafu inakaa kubembelezana na maadui waliomuulia kaka yake? Na huyu mama ndiye mdomo wa hao maadui! Ila kazi anaijua, bwana. Anakunywa maji yake ya vuguvugu, anashika ukingo wa meza kwa vidole viwili, na adui akisema "mimi", naye anasema "mimi", matusi hapunguzi, sifa haongezi. Leo waziri wao kachemka, kamkatiza mzee wa upande wa pili katikati ya maneno. "Mazungumzo basi! Fungua mlango!" Mlinzi kashika kitasa, roho kwatu. Mama wa watu hata hakuinuka. Akaendelea kuutafsiria mgongo wa waziri maneno ya yule mzee, polepole: "...na mimi nimezika wanangu wawili, sitaki kuzika wa tatu."

Waziri akaganda. "Kasema hivyo kweli?"

"Mimi siongezi chumvi, mheshimiwa. Njoo ukae, mwenzio hajamaliza."

Mlinzi akajikuta ameachia kitasa, naye anasubiri kusikia neno linalofuata.