Upande wa Mbao

Karakana yetu iko Chapwa, hapa Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na ina pande mbili zilizotenganishwa na ukuta wa mabati. Upande wangu ni wa chuma. Nakata mapipa ya mafuta na kuyafanya majiko ya kuchomea nyama, yale marefu yenye mfuniko na bomba la moshi. Upande wa pili ni wa mbao, na huo ulikuwa wa kaka yangu. Alikuwa ananunua mbao za sakafu za matela yaliyochakaa, nyeusi kwa grisi, zimejaa misumari, mbao ambazo mtu mwenye akili zake angezitia motoni, halafu anakutolea meza ambayo unaona haya kuiwekea sufuria. Majivuno alikuwa nayo, lakini kazi aliijua.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Grinda ikikata chuma inarusha cheche, na kaka upande wake alikuwa na tina ya kuchanganyia rangi, vanishi na maranda yaliyomfika magotini. Kwa hiyo kabla sijawasha nilikuwa nagonga pipa kwa nyundo mara tatu. Yeye akishafunika makopo yake anagonga meza ya kurandia mara mbili, maana yake: nimefunika, washa. Kuitana kwa mdomo hatukuweza, kwa kelele za malori ungepasua koo bure. Akigonga nawasha, asipogonga nasubiri, hata siku ambazo tumenuniana tangu asubuhi.

Kaka alifariki wakati wa masika. Aliugua tumbo ghafla, na hospitalini hakukaa. Tulimzika Igamba nyumbani kwa mama, chini kidogo ya shamba la kahawa. Matanga yalipoanuliwa nikarudi kazini, maana majiko ya watu yalikuwa yananingoja. Makopo ya tina niliyatoa, lakini meza yake ya kurandia niliiacha na vumbi lake.

Sasa mkono nao una akili zake. Siku ya kwanza tu nilijikuta nimegonga pipa mara tatu. Nikajicheka, kicheko kikageuka kilio, nikawasha grinda. Ikawa hivyo kila siku: nagonga, kimya, nawasha. Mpaka mchana mmoja wa baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye vichwa vya malori, nikagonga, na upande wa mbao pakagongwa mara mbili.

Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Nilizunguka ukuta nikaangalia. Hakuna mtu, hakuna paka, vumbi juu ya meza limetulia. Nikajisemea ni mbao tu, mbao kuukuu zikipigwa na baridi hulia, fundi yeyote anajua. Nikarudi nikagonga tena. Pakajibiwa tena, kwa ule ule mwendo wake wa kivivu, pigo la pili likichelewa kidogo. Niliogopa. Na nisikudanganye, nilifurahi pia.

Tangu hapo nikawa nagonga hata kama sina cha kukata. Nafika asubuhi kabla ya chai, nagonga, najibiwa, ndipo naanza siku yangu. Mke wangu akaniuliza siku hizi kuna nini huko kazini mpaka nawahi kuliko majogoo, nikamwambia oda zimezidi. Oda zipi! Nilikuwa naenda kuongea na kaka.

Kisha akaja mchoma nyama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtu mcheshi, akifika anasema mulishani, salamu ya kwao, kwa kila kitu, hata kwa mapipa. Alitaka jiko kubwa kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nikalaza pipa, nikachora mstari kwa chaki, nikagonga. Jibu likaja haraka, hata nyundo sijaiweka chini. Nikavaa miwani ya kazi, nikainama, kidole kikiwa kwenye swichi ya grinda. Ndipo harufu ya petroli iliponipiga puani.

Pipa la mafuta halikatwi hivi hivi. Unalijaza maji mpaka mdomoni, linalala nayo, unayamwaga, ndipo unakata. Usipofanya hivyo mvuke uliobaki ndani unalipuka, na wewe watu wanakuzoa kwa koleo. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Siku ile sikuwa nimejaza hata kikombe, na upande wa mbao ulikuwa umeniambia washa.

Ina maana kaka yangu ananitaka huko aliko? Na kilichonitisha zaidi ni kwamba sikumkasirikia. Nilibaki nimeinama pale, kidole bado kiko kwenye swichi, kwa muda ambao sipendi kuufikiria.

Kesho yake nilipanda Igamba kwa mama. Nilimkuta anachambua kahawa kwenye ungo, akanisikiliza bila kuinua uso. Nilimweleza yote, mpaka pipa, mpaka petroli. Nilitegemea atalia, au ataniambia tumwite mchungaji. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nani huanza kugonga?"

Nikamwambia ni mimi.

"Basi usimsingizie mwanangu ubaya," alisema. "Yeye hajui kama pipa lina mafuta. Anajua mdogo wake amemwita, anaitika, kama nilivyomlea. Wewe ndiye unayemwamsha kila asubuhi."

Nikasema nisipogonga sitamsikia tena.

"Hata mimi simsikii," akasema mama. "Mwache alale."

Nilirudi Tunduma nikalijaza lile pipa maji. Lilipokwisha kulala nayo nikayamwaga, nikalilaza juu ya vyuma, nikanusa, nikanusa tena. Nyundo niliitupa kwenye boksi la vifaa, chini kabisa. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na malori yamezima injini. Nikavaa miwani, nikashika grinda.

Upande wa mbao pakagongwa mara tatu.

Mara tatu ilikuwa yangu, ya kuita. Kaka hakuwahi kugonga tatu maishani mwake. Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye boksi, nikauvuta, nikaukandamiza kwenye paja. Kisha pakagongwa tena, taratibu, kama mtu anayedhani hakusikiwa.

Nikawasha grinda ili nisimsikie. Nilikata pipa lile lote nikilia, miwani imejaa machozi, mstari wa chaki siuoni. Yule bwana wa Nakonde bado analitumia jiko lake, na kila tukikutana hunitania kwamba mfuniko umekaa upande, moshi unamtokea usoni. Namwambia fundi alikuwa na haraka.