Nyumba Iliyoteleza Hadi kwa Jirani

Baba alipostaafu, aliniomba jambo ambalo hajawahi kuniomba maishani: nimsaidie kumshawishi mama.

Mimi huhariri video. Nimekodi chumba kimoja hapa Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo, na wateja wangu wengi ni maharusi na makanisa. Baba naye alifanya kazi miaka mingi na wapima ardhi upande wa Kajiado. Hakuwa mpimaji mwenyewe. Alishika mnyororo wa kupimia, akafyeka njia vichakani na kuchimbia bikoni, zile alama za mipaka, na mpaka leo hawezi kupita kando ya ua uliopinda bila kutoa maoni.

Mama alikuwa na ploti yake njia ya Isinya, tupu kabisa, nyasi na udongo mweusi tu ndani ya ua. Kila baba alipotaja kujenga, mama alimjibu, "Hiyo nyumba mimi siioni." Alimaanisha haamini. Baba aliamua kulichukua neno hilo jinsi lilivyo.

"Maitu," aliniambia. Nimepewa jina la mama yake, ndiyo maana tangu nikiwa mdogo huniita hivyo, mama kwa Kikuyu. "Wewe si huwa unaweka vitu kwa video? Weka nyumba pale kwa ploti, mama yako aione."

Nikakubali kabla ya kufikiria.

Nyumba yenyewe haikunisumbua. Baba alikuwa na ramani, nami nikaijenga kwenye kompyuta: vyumba vitatu, paa la maroon, baraza mbele. Jumamosi moja nikaenda kwa ploti, nikatembea kutoka langoni hadi kona ya mbali nikirekodi kwa simu. Nilitaka mama ahisi kana kwamba anatembea kuelekea nyumbani kwake.

Ili nyumba ya kompyuta itulie ndani ya video kama hiyo, kompyuta lazima kwanza ijue kamera ilipita wapi. Inachagua nukta ndogo ndogo kwenye picha, labda ncha ya jiwe au kichwa cha mti wa ua, na kuzifuata kutoka picha hadi picha. Nukta zikiwa imara, nyumba inasimama. Yangu haikusimama. Nilipobonyeza kucheza, ilianza kuteleza polepole kwenye nyasi kama sabuni kwenye sahani.

Baba alikuja kutazama. Akavaa miwani, akaiangalia mara mbili.

"Hii nyumba inatembea."

"Naona, Baba."

"Na imevuka mpaka. Hapo ilipofika ni kwa jirani."

Nikacheka, yeye hakucheka. Kwake mpaka si jambo la mzaha.

Nikaanza kutafuta kosa. Nilipozikagua zile nukta, nikakuta nyingi zimekaa juu ya nyasi, na siku ile upepo ulikuwa mwingi. Nyingine zilikuwa kwenye mawingu. Tatu zilimfuata ng'ombe aliyekuwa akila taratibu kule nyuma. Nikazifuta moja moja. Nyumba ikapunguza mwendo, lakini ikabaki ikiyumba. Nikabahatisha vipimo vya lenzi, ikayumba zaidi. Siku ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba simu yangu huituliza picha yenyewe mkono unapotetemeka. Hukata pembeni na kuvuta picha huku na huku, na kompyuta haina njia ya kujua hayo. Niliona haya. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaonya wengine.

"Itabidi turudi," nikamwambia baba. "Na safari hii tuweke alama, kitu ambacho upepo hauwezi kusukuma."

Uso wake ulinawiri. "Alama? Hiyo niachie."

Tulipofika ploti alikuwa na gunia la mawe aliyoyapaka chokaa mwenyewe, na utepe wa kupimia. Aliyapanga mstari mmoja ulionyooka, nafasi kati ya jiwe na jiwe sawasawa. Nikazima ule utulizaji wa simu, nikarekodi, kisha nikafungua laptop kwenye kivuli cha mwavuli nijaribu papo hapo. Nukta ziliruka kutoka jiwe hadi jiwe. Nyumba ikawa inadunda.

"Mawe yangu yako sawa," baba akasema. "Nimepima."

"Yako sawa sana, Baba. Shida ndiyo hiyo. Yanafanana, kompyuta haijui lipi ni lipi. Halafu yote yako kwa mstari mmoja. Inataka mengine karibu, mengine mbali, mengine juu."

Nikajuta, kwa sababu alikuwa ameyapaka yale mawe kwa siku mbili. Alienda mpaka uani akasimama amenipa mgongo. Kisha nikamwona anavua kofia yake na kuivisha mti wa ua. Akarudi, akachukua jerikeni ya njano, akaiweka karibu na lango. Tairi kuukuu likaenda katikati. Sufuria tuliyobebea githeri akaifunika juu ya jiwe kule mbali.

"Hivyo?"

"Hivyo kabisa."

Mama mmoja jirani alikuwa akipita na mbuzi wake. Baba akamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya!"

"Iko," akaitikia salamu kwa Kimaasai vilevile, macho yakiwa kwenye sufuria. "Leo mnauza vitu?"

"Hapana. Tunajenga nyumba."

"Iko wapi?"

"Iko kwa simu."

Yule mama alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Lakini alikubali kuwazuia mbuzi wake nje ya picha mpaka nimalize.

Safari hii nyumba ilisimama. Nilizunguka nayo, nikakaribia, nikarudi nyuma, na haikusogea hata kidogo. Baba aliigusa kwenye kioo kwa kidole, pale kona ya msingi inapokutana na ardhi, akakiacha kidole hapo huku video ikicheza.

Jumapili, baada ya chakula, tukamwonyesha mama. Alitazama mpaka mwisho, mikono mapajani. Baba hakuitazama video, alikuwa akimtazama yeye.

"Hiyo si sufuria yangu?" mama akauliza. Nilikuwa nimesahau kuifuta.

"Ndiyo, Mama."

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Nani ameweka mlango upande huo?"

Baba akakaa wima. "Unaangalia barabara."

"Unaangalia upepo. Julai vumbi yote itaingia kwa sitting room. Na mimi niko na jikoni ndogo hivi? Wageni wako nitawapikia wapi?"

Alisogeza kiti karibu na meza, akaomba kalamu. Baba akaileta ramani mbio, nami nikaona anavyojitahidi kuficha furaha yake. Walibishana juu ya dirisha la jikoni hadi chai ikapoa. Nililazimika kuijenga upya ile nyumba ya kompyuta mara tatu. Msimu wa mvua ulipokwisha, mafundi walichimba msingi, mlango ukiwa upande alioutaka mama.