Bangili na Komeo

Sinema ya wanawake ilinukia asmini, karanga za moto na udi uliokolea katika mabuibui. Ilikuwa Jumapili alasiri, Mji Mkongwe, katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa miaka saba niliyepakatwa na mama. Hapakuwa na mwanamume hata mmoja ukumbini. Mabuibui yalivuliwa, vichanga vikanyonya, na taa zilipozimwa vigelegele vilipasua giza. Loo, moyo ulivyonienda mbio! Filamu ilikuwa ya Kihindi, na jirani yetu Bi Mgeni, aliyekulia nyumba moja na Wahindi, ndiye aliyetufasiria kwa sauti kubwa.

"Kasemaje, Bi Mgeni?"

"Subirini! Nitafune karanga au niwape maneno?"

Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka, ingawa jambo moja lilikuwa likinisumbua. Kesho yake mama mkubwa alikuwa aje kunichukua nikaishi naye kijijini Bwejuu, maana hakujaaliwa mtoto. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida mtu kumpa nduguye mtoto amlee, na hakuna aliyefikiri kuniuliza. Wiki nzima sikulia. Nilisimama tu nyuma ya mlango nikilichomoa komeo na kulirudisha, nikilichomoa na kulirudisha, na mama akawaambia majirani, "Huyu hana neno. Karidhia mwenyewe."

Watoto wa filamu nilizozizoea walilia vizuri, kisha wakaimba. Msichana wa siku ile hakuimba. Mama yake alimleta kwa jamaa, akambusu, akageuka kuondoka. Mtoto hakumkimbilia. Alichuchumaa, akavua bangili yake, akaivaa, akaivua tena, asiinue macho. Nilishtuka karibu nianguke kutoka mapajani. Nani kawaambia? Nani kaniona nyuma ya mlango wetu akavuka bahari kwenda kuwahadithia?

"Kasemaje?" mtu aliuliza.

"Hajasema kitu," alijibu Bi Mgeni, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mrejeshe mtoto, we mwanamke!" walifoka wengine. "Huna macho?"

Mama peke yake hakufoka. Nilihisi mkono wake ukiushika wangu, uliokuwa ukifungua na kufunga kifungo cha gauni lake. Akaniinamia sikioni. "Hutaki kwenda?"

Nikatikisa kichwa: sitaki. Basi hapo ndipo nilipolia, kwa kelele, kamasi zikinitoka, na wanawake wa mstari wa mbele wakanigeukia kwa hasira kwamba nawaharibia filamu.

Kesho yake mama mkubwa alikuja na gauni jipya alilonishonea. "Dada, niwie radhi," mama alimwambia. "Mtoto simtoi." Mama mkubwa aliketi. Alilikunja lile gauni pajani, akalikunjua, akalikunja tena. Mama alipoiona ile mikono aliangua kilio, nami nikaenda mwenyewe kukaa miguuni pa mama mkubwa. Kila likizo nilikwenda Bwejuu, na gauni lile nililivaa mpaka likanifika magotini.

Leo mimi ni mtunga riwaya, na filamu huzitazama katika kumbi tulivu, ambamo hakuna anayefoka wala kufasiri. Watoto wengi wa siku hizi kwenye filamu husema mambo mazito kwa ufasaha wa ajabu, na watu hupiga makofi. Mimi huitazama mikono yao. Siku nikiuona mmoja unachezea kitu kidogo, bila neno, moyo hunienda mbio vilevile, na hutamani kuupigia kelele ukumbi mzima: huyu hajaridhia, muulizeni!