Mama Aliyeingia Chini ya Meza

Kwa miaka kumi na tisa, afisa ustawi mmoja, mama mnene mwenye mdomo usio na breki, aliwafunza watu waliotaka kulea watoto wasio wao. Kila siku ya mwisho ya mafunzo alivua viatu, akajisukuma chini ya meza ili wajaribu kumtoa, na kutangaza, "Mimi nina miaka saba. Nimeletwa kwenu leo, na sitoki ng'o!"

Kundi moja hakulisahau. Mwalimu mkuu mstaafu alihesabu mpaka tatu, mama akamtolea ulimi. Mchungaji aliinama kumwombea, suruali ikapasuka nyuma, akarudi kitini kinyumenyume.

Ikafika zamu ya fundi bomba na mkewe. Fundi alijinyoosha sakafuni kando ya meza.

"Hata mimi leo nimechoka na watu, mwanangu," alisema, akafumba macho. Punde akaanza kukoroma, na si kwa kuigiza. Mkewe aliona haya, akataka kumpiga teke.

"Mwache, dada," mama alinong'ona. Alikuwa ameshatoka mwenyewe, kwa magoti, kumchungulia mzee wa watu kama yu mzima. "Huyu amenitoa bila kuniamrisha. Mmepita."

Wakubwa wake walimwandikia barua ya onyo: amempitishaje mtu aliyelala darasani? Aliisoma, akajipepea nayo. Mwezi uliofuata aliwapelekea fundi na mkewe mabinti wawili, mtu na mdogo wake, waliokwisha kurudishwa na nyumba tatu. Hawajarudishwa tena.